Wageni wa Siwema

Tangu kiangazi kianze, mizinga ilikuwa imening'inia mitupu nyuma ya nyumba. Siwema alikuwa ameacha kushona nguo za watu akisema atauza asali, na kila asubuhi aliisugua mizinga ile kwa nta na majani ya mchaichai, kama anayemtandikia mgeni kitanda.

"Mgeni mwenyewe hajatuma hata salamu," mama yake, Bi Tausi, alizoea kusema. "Rudi kwenye cherehani, mwanangu. Unanimalizia mchaichai wangu bure."

"Watakuja, Mama."

Siku hiyo Siwema alikuwa sokoni. Bi Tausi alikuwa uani akipika aliposikia mvumo, akainua macho. Wingu la nyuki lilikuwa likivuka paa la jirani, likizunguka polepole kama moshi usiojua pa kwenda. Alinyakua kifuniko cha sufuria, na mwiko mkono wa pili. Mji mzima ulijua dawa ya nyuki: unagonga bati mpaka wahame.

Nyuki mmoja akatua mlangoni mwa mzinga. Akaingia, akatoka. Kisha wingu zima likaanza kushuka, likimiminika ndani ya kile kitundu kidogo kana kwamba limeitwa kwa jina.

Bi Tausi alikuwa ameshainua mwiko, lakini hakugonga.

"Gonga, Bi Tausi," jirani alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta. "Wanaingia kwako."

"Nyamaza," alinong'ona. "Ni wageni wa mwanangu."

Akabaki vilevile, mwiko hewani, akiogopa hata kuushusha.