Ufunguo wa Mlango wa Uani

Karani wa kadhi alieleza kwa mara ya tatu. Bi Zuwena akimpa mwanawe nyumba angali hai, serikali haitadai ushuru wa mirathi siku atakapokufa. Lakini hiba haikamiliki kwa maneno. Lazima akabidhi ufunguo, atoke nje, na anayepewa abaki ndani.

"Dakika moja tu, mama," alisema Hamdani. "Kisha nakwambia karibu, unaingia, tunakunywa chai."

Bi Zuwena akampa ufunguo, akatoka, akasimama barazani na karani. Mlango ukafungwa. Kitasa kikalia.

Walingoja. Ndani Hamdani alisikika akizungumza kwenye simu. "Vyumba vinne. Hiki cha mama kina dirisha la barabarani, kitafaa duka."

Karani alikohoa.

"Hamdani!" Bi Zuwena aligonga mlango alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. "Hiyo karibu umeimeza?"

"Subiri kidogo, mama! Napima."

"Unapima nini, kaburi langu?"

Karani aliinamia karatasi yake. "Bi Zuwena, imebaki sahihi yangu tu," alisema kwa sauti ya chini. "Niandike kwamba umetoa kwa radhi yako, na umekabidhi kila kitu?"

Bi Zuwena alifungua fundo kwenye pindo la kanga. Humo mlikuwa na ufunguo wa mlango wa uani, ambao hakuna aliyeuulizia. Aliukamata, akashuka barazani, akaanza kuizunguka nyumba. Kalamu ya karani ilibaki hewani.