Tundu la Sindano

Serikali ilipobadilika, vitabu vya shule navyo vikabadilishwa. Wisal alimfunulia bibi yake ramani mpya ya Palestina.

"Nionyeshe kijiji chetu."

"Hakimo, Bibi."

"Tazama vizuri. Si wewe ndiye msomi?"

Hakikuwamo. Bibi alichomoa sindano kwenye nguo aliyokuwa akiitarizi, akampa. "Toboa chini ya kilima, nusu siku kwa miguu kutoka baharini."

"Mwalimu atanichapa."

Bibi akamsogezea kitabu. Wisal akatoboa.

Asubuhi mwalimu aliuinua ukurasa dirishani, mwanga ukapenya tunduni.

"Nani kaharibu kitabu?"

"Hapo ni kwetu, Mwalimu."

Kidole cha mwalimu kilitambaa polepole juu ya ramani, kikaelekea kaskazini, kikasimama mahali patupu palipokuwa kwao.