Ukurasa wa Kitabu cha Kaunti

"Andika: mtoto mmoja, Royce," alisema baba, macho yake yaliyopofushwa na mtoto wa jicho yakielekea dirishani.

Kitabu cha miaka mia ya kaunti kilitaka ukurasa mmoja kwa kila ranchi. Walikuwa wameshaandika kisima cha babu, vilima vya mchanga, na theluji iliyoua ng'ombe mia tatu.

Kalamu ya Verlene ilisimama. "Na mimi, baba?"

"Wewe utaolewa, mama. Utaandikwa kwenye ukurasa wa mumeo."

"Baba, nina miaka hamsini na mbili."

"Basi fanya haraka!" Mzee akacheka peke yake.

Royce alihamia mjini akiwa kijana, hakurudi hata kuzalisha ng'ombe mmoja. Verlene aliibana kalamu kwa vidole vinne. Kidole gumba chake kilikatwa zamani na kamba iliyozungushwa kwenye tandiko la farasi, fahali akivuta upande wa pili, na baba akipiga kelele kwamba asiiachie.

Aliandika.

"Haya, nisomee."

"Mtoto mmoja," alisoma taratibu, "Royce."

"Vizuri. Funga bahasha."

Verlene alilitazama jina lake mwenyewe kwenye ukurasa, wino bado mbichi, akailamba gundi.