Kitambaa cha Visheti

"Safari hii hakuna sare, mdogo wangu," Mwanakheri alimwambia Zamda, mdogo wake, kwa simu. "Binti yangu ni mwanao pia; harusi yake hii, vaa unachopenda."

Zamda akafunga safari. Mji wa kwanza alilala kwa kaka yake, wa pili kwa shangazi, aliyemfungia visheti vya njiani katika kitambaa cha zambarau chenye maua.

Alipoingia ukumbini, shati la kaka, gauni la shangazi, ukoo mzima ulikuwa zambarau ya maua yale yale ya kitambaa cha visheti. Yeye tu njano.

"Mama mdogo," bibi harusi alimnong'oneza, "mama anasema sare uliikataa. Kwa nini?"

Mwanakheri alitazama pembeni.

Zamda alivimwaga visheti mezani, akakitandaza kile kitambaa mapajani, akaanza kukinyoosha taratibu, ua kwa ua.