Mchumba Asiyesikia Moto

Nzi wa matunda walioishi jikoni kwa muuza maandazi walikuwa na desturi yao ya ajabu: anayetaka mke sharti asimame kwenye ukingo wa karai la moto, na akilia, mke kamkosa.

Mwanaheri, bibi harusi mwenyewe, alitazama wachumba wake wawili roho juu. Kilimi alipiga ukelele kabla hata hajatua. "Mama wee, nimeungua!" Ukoo mzima ukamcheka.

Sumbuo akatua, akakunja mbawa zake, akatabasamu.

"Kwetu hatujui maumivu," akajigamba. "Babu hakuyajua, baba hakuyajua. Tumezaliwa hivyo."

"Na wazee hao wako wapi?" Mwanaheri akauliza.

"Babu alifia kwenye karai. Baba vilevile."

"Binti yangu, umepata mwanamume!" baba yake Mwanaheri akashangilia.

Sumbuo akanusa hewa, akameza mate. "Kumbe na karamu iko tayari! Nani anachoma nyama?"

Mwanaheri aliitazama miguu ya Sumbuo ikifuka moshi, kisha akamgeukia Kilimi, aliyekuwa bado anabubujikwa machozi.

"Lia, mume wangu, lia," akamwambia. "Nataka watoto watakaofanana nawe."