Kitambaa cha Koki ya Nne

Mwinshehe hakumwamini binti yule tangu alipoingia kituo cha maji na kompyuta yake mgongoni. Aliletwa kuandika maelezo ya kila koki, ili kuanzia kesho mashine izifungue na kuzifunga yenyewe. Na mashine ikishajua, fundi Mwinshehe wa nini?

"Mzee wangu, hii ya nne kazi yake nini?" Asnath aliuliza.

"Inapeleka maji Bondeni."

"Basi?"

"Ulitaka iimbe?"

Asnath alicheka, akaandika, akasoma kwa sauti: "Koki ya nne. Ifungue maji yakipungua Bondeni." Kisha akanyoosha kidole. "Na kitambaa hiki chekundu?"

"Cha kufutia mikono."

Kitambaa hakikuwa na doa hata moja. Mwinshehe alikifunga kwenye koki hiyo siku mwenzake alipoifungua ya nne wakati ya pili iko wazi. Bomba lilipasuka kule Bondeni, ukuta ukawaangukia mama mmoja na mwanawe. Tangu hapo, kila fundi aliyekiona kitambaa alimwita Mwinshehe kwanza.

"Mashine haina macho, mzee," Asnath alisema taratibu. "Itajua nilichoandika tu. Kama kuna wakati haipaswi kuifungua, niambie."

"Nikuambie, halafu mniachishe kazi?"

Binti aliinamia vitufe vyake. Walau hakudanganya, na hilo likamchoma Mwinshehe zaidi.

Alilegeza fundo, akakitandaza kitambaa juu ya vitufe vya kompyuta.

"Andika hiki," alisema.

Lakini ncha moja ya kitambaa alikuwa bado ameishika, na hakuiachia.