Kitanda cha Kamba

Paka alikuwa amekataa kila kitu. Mashavu alimletea gogo la mwarobaini la kunolea kucha, paka akalipita. Akazungushia nguzo ya baraza kamba mpya ya katani. Paka akainusa tu, akarudi kulikwaruza kochi.

Kesho yake baada ya arobaini ya mumewe, shemeji yake alifika kutoka Kwamsisi kuchukua vitu vya marehemu. Alitoa kitanda cha kamba, alichokisuka marehemu mwenyewe enzi akikata mkonge, akakiegemeza kwenye ukuta wa uani.

Paka akakiendea. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akapachika kucha pale kamba zilipobonyea kwa mgongo wa mtu, akaanza kukwaruza. Kamba zikalia polepole, mlio uleule aliolala nao Mashavu miaka thelathini ubavuni mwa mumewe.

“Shemeji, kiache hapo.”

“Si wewe uliyesema hutaki hata kukiona?”

“Nilisema.” Mashavu alikuwa ameketi kizingitini, macho ameyafumba, kichwa amekiegemeza mlangoni.

Shemeji akainama amfukuze paka.

“Mwache,” Mashavu alinong’ona. “Anajigeuza.”